Hesabu za Wasindikizaji wa Uzazi: Ushauri kwa Vikundi vya Ole

Kikundi cha wanawake kikishasindikiza wajawazito kwa mwaka mzima, hufika siku kikaulizwa: mmefanya nini? Muulizaji anaweza kuwa mfadhili, daktari wa wilaya, sheha, au mume wa msindikizaji aliyechoka kuona mkewe anatoka usiku wa manane na kurudi alfajiri mikono mitupu. Jibu la haraka huwa ni idadi: tumesindikiza akina mama tisini. Ni jibu la kweli, lakini halimwambii msikilizaji kitu. Tisini katika wajawazito wangapi? Waliobaki walijifungulia wapi, na nani alikuwa nao?

Nawaandikia wanawake wa Ole na shehia nyingine za Pemba ambao wanafanya kazi hii au wanataka kuianza: kukaa na mwenzao tangu uchungu unapomshika mpaka mtoto anyonye, na kumtazama tena katika arobaini. Marekani watu wa kazi hii huitwa madula wa jamii. Kwetu ilikuwa ya mama mzazi, shangazi, somo na mkunga wa jadi, na ilifanyika nyumbani. Uzazi ulipohamia hospitali, mama aliingia wodini na hao wote wakabaki nje ya mlango.

Jambo moja liwekwe wazi kabla ya kufungua daftari. Kikundi cha Ole hakina haja ya kuthibitisha kwamba kusindikizwa kuna faida. Hilo limeshapimwa na wenye uwezo wa kulipima. Mwaka 2017 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17, yakaona kwamba mwanamke anayekaa na mtu wa kumuunga mkono muda wote wa uchungu ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake hupungua urefu kidogo, na ni nadra zaidi kuondoka na kumbukumbu mbaya. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mwanamke awe na mwenza anayemtaka yeye mwenyewe. Na si mambo ya ng'ambo tu. Kigoma, shirika la Thamini Uhai lilijaribu mpango huo katika vituo 9 vya serikali: mama aliweza kuja na mtu wake, na asiyekuwa na mtu alipata mwanamke wa zamu kutoka katika jamii. Wanawake wa vituo hivyo walieleza kutendewa kwa upole na heshima kuliko wale wa vituo ambavyo mpango haukuwepo.

Kwa hiyo msijitwishe mzigo wa watafiti. Swali lenu ni jingine, na hakuna anayeweza kulijibu isipokuwa nyinyi: je, huduma hii imemfika kila anayeistahiki hapa kwetu, na ilipomfika, ilifanyika kama tulivyoahidi?

Ndiyo maana daftari la kwanza lisiwe la mama mliowasindikiza. Liwe la wajawazito wote wa eneo lenu, mliowapata na mliowakosa. Kazi hii ni nyepesi kuliko inavyosikika, kwa sababu nusu yake imeshafanywa. Mpango wa Jamii ni Afya, ulioanzishwa na Wizara ya Afya Zanzibar mwaka 2019 na kuenea wilaya zote 11, una wahudumu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba na simu, wakiandikisha wajawazito na watoto wadogo. Kituo cha afya nacho kina kitabu cha kliniki. Na mkunga wa jadi, hata kama hazalishi tena, anajua nani ana mimba kabla ya kliniki kujua. Kaeni na hawa watatu mara moja kwa mwezi mlinganishe majina. Mtashangaa ni wangapi wamo katika orodha moja tu.

Ukiruka hatua hii, hesabu zako zitakusifu bure. Mwanamke anayekubali msindikizaji mara nyingi ni yule ambaye angekwenda hospitali hata bila yeye: amesoma, mumewe yuko karibu, nyumba iko barabarani. Ukihesabu hao peke yao utasema asilimia 95 ya mama zetu wamejifungulia hospitali, na utakuwa umehesabu barabara, si msindikizaji. Utafiti mmoja uliofanyika hapa hapa Zanzibar unatufundisha. Uliitwa Wired Mothers, ukatangazwa mwaka 2012, na uliwafuata wajawazito 2,550 wa vituo 24 vya afya, baadhi yao wakipelekewa ujumbe wa simu na vocha ya kumpigia mkunga. Kwa jumla, waliojifungua mikononi mwa mtaalamu walikuwa asilimia 60 kwa waliopata huduma ya simu na 47 kwa wasioipata. Matokeo mazuri. Lakini watafiti walipowatenga wa mjini na wa shamba, faida ilikuwa kwa wa mjini. Wa shamba haikuwafika. Wangeishia kwenye wastani, sisi wa shamba tungeambiwa kwamba tumesaidiwa.

Sasa daftari lenyewe. Nunueni kaunta buku yenye jalada gumu, si karatasi za kubana. Msianze na simu wala kompyuta, vitafuata vikihitajika. Pigeni mistari ya safu zisizozidi kumi. Nambari ya mama badala ya jina lake. Mtaa. Mimba ya ngapi. Tarehe anayotarajiwa. Alionwa na msindikizaji mara ngapi kabla ya uchungu. Saa uchungu ulipoanza, na saa aliyofika kituoni. Alijifungulia wapi: nyumbani, njiani, kituo cha afya, Chake Chake, Wete, Abdalla Mzee au kwingineko. Nani alikuwa naye. Mama na mtoto wako vipi siku ya saba. Majina na nambari zake yakae katika daftari jingine dogo, lifungiwe, na mtu mmoja awe na ufunguo.

Safu ya saa inahitaji neno lake, maana ndipo hesabu nyingi za Pemba zinapoharibikia. Mama anasema uchungu ulimshika saa nane usiku. Msindikizaji akiandika kwa saa yetu anaandika 8. Muuguzi akitazama simu yake anaandika 2:00. Mtoto akizaliwa saa kumi na moja alfajiri, mmoja anaandika 11, mwingine 5:00. Changanya kalamu hizo mbili katika mstari mmoja na uchungu wa saa tatu unageuka kuwa wa saa tisa, na mtu wa wilayani ataandika ripoti kuhusu uchungu mrefu wa Ole. Kubalianeni saa moja, iandikwe juu ya safu. Vivyo hivyo siku: usiku wa Ijumaa kwa bibi ni Alkhamisi usiku kwa simu. Na mimba. Mwanamke akiulizwa siku ya mwisho ya hedhi huenda asijue tarehe, lakini anajua ilikuwa baada ya maulidi, au wiki ya kwanza ya mfungo mosi. Msimlazimishe kubuni tarehe. Andikeni alivyosema, kisha mmoja wenu aigeuze kwa kalenda ya Kiislamu baadaye, polepole.

Tatizo jingine ni la mila zetu wenyewe. Mimba ya kwanza, mwali hurudi kwa mamake kujifungua. Mama wa Ole anaweza kuandikishwa Ole akajifungulia Konde, na wa Kengeja akaja kuzalia Ole bila ya kuwemo katika daftari lenu. Msipoangalia, wa kwanza ataonekana amepotea na wa pili ataonekana ameshuka kutoka mbinguni. Wekeni alama mbili tu: H kwa aliyehama kwenda kujifungulia kwingine, M kwa mgeni aliyekuja. Kisha mpigieni simu msindikizaji au mhudumu wa afya wa huko. Watu wa takwimu huwatoa tu wanaohama katika hesabu. Kwa Pemba hilo ni kosa, kwa sababu wanaohama ni hasa wazazi wa mara ya kwanza, na hao ndio wanaohitaji zaidi mtu wa kukaa nao.

Msimu wa karafuu nao utaonekana katika daftari. Watu wakiwa mashambani ziara hupungua, kliniki hukosa wateja, na msindikizaji mwenyewe yuko chini ya mkarafuu akichambua. Msifiche. Linganisheni msimu na msimu, siyo mwezi na mwezi uliopita.

Sehemu ya pili ya kupima ni kumuuliza mama, na hapa ndipo ninapoona makosa makubwa zaidi. Ukimwuliza mwanamke wa Pemba, "Ulihudumiwa vizuri?" atasema alhamdulillahi. Angesema hivyo hata kama alizalia sakafuni. Ni adabu, ni shukrani kwa Mungu kwamba yu hai, na pengine ni woga kwamba atarudi wodi ile ile mimba ijayo. Kuna dodoso nyingi zilizojaa asilimia 98 ya kuridhika ambazo hazina maana nyingine isipokuwa kwamba watu wetu wana adabu.

Uliza yaliyotokea, usiulize maoni. Kuna wakati uliachwa peke yako? Wakati mtoto anatoka, nani alikuwa chumbani? Uliruhusiwa kunywa maji au uji? Uliruhusiwa kutembea? Kuna mtu alikupigia kelele au kukupiga kofi la paja? Ulielezwa kwa nini umechomwa sindano? Uliombwa pesa au kuambiwa ununue kitu? Mtoto ulipewa kifuani muda gani baada ya kuzaliwa? Na kuhusu msindikizaji mwenyewe: alifika ulipomwita, au ulisubiri? Kuna neno alilosema lililokuudhi? Maswali haya yana jibu fupi la wazi, na mama mwenye adabu kuliko wote anaweza kuyajibu bila ya kumsengenya mtu.

Anayeuliza asiwe yule aliyemsindikiza. Badilishaneni: wa mtaa huu aulize wa mtaa ule. Wakati mzuri ni karibu na arobaini, mama akiwa amepata nguvu na kumbukumbu bado mbichi, na mgeni wa kike kuingia nyumbani hakumshangazi mtu. Lakini chagueni saa ambayo mama mkwe hayuko kitandani pale pale. Na mwambieni mapema kwamba anaweza kukataa swali lolote na bado atasindikizwa tena mimba ijayo.

Sitaki kuwarefushia maneno kuhusu vifo, ila mfahamu hesabu yake, kwa sababu wafadhili hupenda kuviuliza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 104 katika kila vizazi hai 100,000. Tuseme eneo lenu lina vizazi 200 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho mngetarajia kifo kimoja cha mama katika miaka mitano hivi. Basi kikundi kinachosema "tangu tuanze hakuna mama aliyefariki" baada ya miaka miwili hakijasema lolote, na kikundi kilichopata msiba mwaka wa kwanza hakijashindwa. Watoto wachanga vivyo hivyo: kwa kiwango cha kitaifa cha 24 katika 1,000, vizazi 200 vinaleta vifo kama vitano kwa mwaka, na vinaweza kuwa viwili mwaka huu na vinane mwaka ujao bila ya kitu kubadilika. Kila kifo kiandikwe, kizungumzwe na watu wa afya, kitafutwe palipochelewa: nyumbani, njiani au wodini. Lakini kisigeuzwe kuwa asilimia.

Jihadharini pia na malengo ya kuazima. Miradi ya madula ya Marekani hujivunia kupunguza upasuaji, kwa sababu huko wanawake wengi hupasuliwa bila ya haja kubwa. Mtu akiwaletea fomu ya huko, safu hiyo itakuwamo. Ole mambo ni tofauti. Mama aliyepata uchungu pingamizi, akatolewa nyumbani mapema, akafika hospitali akapasuliwa na kutoka na mtoto wake, huyo ni mafanikio ya msindikizaji aliyejua kusema "twende sasa". Fomu ya kuazima ingemhesabu kuwa hasara. Kwetu kipimo kilicho karibu na kazi ni muda: kutoka uchungu kuanza hadi kufika mahali penye mkunga, na nini kilichochelewesha. Gari? Ruhusa ya mume aliyeko safarini? Mvua? Hayo yanabadilika, na mkiyaandika mnaweza kuyafuatilia.

Na msiwalipe wasindikizaji kwa kichwa cha mama aliyejifungulia hospitali. Posho ya safari na muda, sawa, hata ni haki. Malipo kwa matokeo yatawaharibia daftari kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu aliyezalia nyumbani hataandikwa, na huyo ndiye mliyekuwa mkimtafuta.

Hesabu zikishapatikana, nani aone kwanza? Mazoea ni kwamba ripoti hupanda: wilayani, wizarani, kwa mfadhili. Akina mama waliotoa habari zao hawaisikii kamwe. Mimi nasema waanze wao. Kila miezi sita, kikao cha wanawake, wajawazito na waliojifungua, hesabu zisomwe kwa mdomo na kwa lugha ya nyumbani. Tuseme: "Tangu mfungo sita wamejifungua wenzetu 60. Walio na msindikizaji ni 38. Wasio naye ni 22, na zaidi ya nusu yao uchungu uliwashika usiku." Kisha nyamazeni. Wao ndio watakaowaambia kwa nini usiku. Pengine msindikizaji wa mtaa ule hana ruhusa ya kutoka baada ya Isha. Pengine simu yake haina chaji. Hakuna mtaalamu wa Unguja atakayewaambia hayo.

Katika kikao hicho asitajwe mtu. Eneo ni dogo, na ukisema "mama mmoja alijifungulia ndani ya gari la abiria mwezi wa Rajabu", kila mtu anamjua, na dereva anajulikana. Kundi likiwa na watu chini ya watano, liunganisheni na jingine. Na orodha ya waliozalia nyumbani isipelekwe kwa sheha kwa majina, hata akiiomba kwa nia njema. Ikishajulikana kwamba daftari lenu linaweza kumletea mtu maswali ya serikali, mimba zitafichwa, na mkunga wa jadi, aliye mlango wenu wa habari, ataufunga. Sheha apewe jumla na apewe ombi: tunahitaji gari mbili za dharura za usiku, tunahitaji taa pale njia panda.

Hospitali nayo iambiwe, ila kwa utaratibu. Nendeni kwanza kwa msimamizi wa wodi ya wazazi, wawili tu, bila ya barua iliyonakiliwa kwa watu kumi. Anzeni na mema, maana yapo. Kisha semeni jambo moja lenye hesabu: kati ya mama 30 tuliowauliza, saba walikuwa peke yao mtoto alipotoka. Msitaje zamu wala muuguzi. Huenda mkaambiwa kwamba usiku kuna mkunga mmoja kwa vitanda vyote, na hapo msindikizaji anageuka kutoka mgeni asiyetakiwa kuwa mkono wa ziada. Rudini baada ya miezi mitatu na hesabu ile ile.

Vipi matokeo yakiwa mabaya? Pemba ina mfano wa heshima. Kati ya mwaka 2011 na 2014, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi na washirika wake waliwafuata watoto wachanga zaidi ya 36,000 wa kisiwa hiki kuona kama kusafisha kitovu kwa dawa ya klorheksidini kunaokoa maisha. Nepal na Bangladesh ilikuwa imeonekana kuokoa. Pemba, tofauti iliyopatikana ilikuwa ndogo mno kuweza kusemwa ni kazi ya dawa, na watafiti wakaitangaza hivyo hivyo mwaka 2016. Wangeweza kuona haya. Badala yake dunia ikajifunza kwamba kinachofaa pahala pamoja huenda kisifae pengine. Kikundi kinachoandika "ziara za baada ya kujifungua zimetushinda, tumefika kwa mama 14 tu kati ya 60" kinaaminika zaidi katika yale mengine kinayosema.

Tahadhari mbili za mwisho kwa mnaotaka kupeleka hesabu mbali. Mkitaka kuziita utafiti na kuzichapisha, ombeni kwanza idhini ya kamati ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, kabla ya kuuliza swali la kwanza, si baada. Na mkiona waliojifungulia hospitali wameongezeka, msijitwalie sifa zote. Zanzibar imejenga hospitali mpya za wilaya baada ya korona, na barabara zimebadilika. Wekeni shehia moja jirani isiyo na wasindikizaji, ombeni hesabu zake kituoni, mzilinganishe na zenu. Ikiwa zote mbili zimepanda sawa, semeni hivyo.

Mwezi ujao, kabla ya kuchapisha fulana za kikundi, mwiteni mhudumu wa Jamii ni Afya, muuguzi wa kliniki na mkunga wa jadi mkae meza moja, kila mmoja na orodha yake. Andikeni katika ukurasa wa kwanza majina yaliyomo katika orodha moja tu, na kesho yake mwende mkawapigie hodi hao.